UZI: Kukaa dawati moja hakutoshi. Tuzungumze urafiki kati ya watoto wenye ulemavu na wenzao shuleni

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka asome nusu sasa na nusu baadaye.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa miaka mingi nimekabidhiwa madarasa yenye mtoto mmoja au wawili wenye ulemavu: mwenye uoni hafifu, kiziwi, mwenye mtindio wa ubongo (ule unaosumbua viungo na matamshi, si akili lazima), mwenye usonji (autism). Kila mkaguzi anayeingia huuliza yale yale. Ameandikishwa? Anahudhuria? Kuna njia ya kitimwendo? Vitabu vya nukta nundu vipo? Ni maswali ya haki na yaendelee kuulizwa. Ila sijawahi kuulizwa hili: kengele ya mapumziko ikilia, mtoto huyu anakwenda kwa nani?

Nimeona watoto wanaofaulu kila somo huku hawana hata mmoja wa kukaa naye nje. Mtoto anarudi nyumbani na alama nzuri, usiku anasema tumbo linauma na kesho hataki shule. Mzazi anahangaika kutafuta ugonjwa, kumbe mtoto amechoka kuwa peke yake.

Kwenye mada hii watu huchanganya mambo mawili. Kukubalika ni jinsi kundi zima linavyokuchukulia. Urafiki ni wa wawili, kila mmoja amemchagua mwenzake. Mtoto anaweza kusalimiwa na darasa zima na bado asiwe na rafiki. Mwingine darasa halina habari naye sana, lakini ana mwenzake mmoja wa kufa na kuzikana. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani, Parker na Asher, waliwapima watoto wa shule ya msingi wakakuta kwamba kukubalika na kundi, kuwa na rafiki, na ubora wa urafiki wenyewe, kila kimoja kina mchango wake katika upweke wa mtoto. Wakakuta pia kwamba watoto wengi wasiopendwa na kundi walikuwa na rafiki wa karibu. Kwangu hiyo ni habari njema sana. Huna haja ya kulibadilisha darasa zima ndipo mtoto apone upweke. Unaweza kuanza na mmoja.

Ipo njia ya zamani ya kujua hali ilivyo, ilienezwa na Jacob Moreno mwaka 1934. Unamwuliza kila mtoto kwa siri angependa kucheza na nani na kukaa na nani, kisha unachora mishale kati ya majina. Mwaka 1982 Coie, Dodge na Coppotelli waliyapanga majibu ya namna hiyo katika makundi: wanaopendwa, wanaokataliwa, wanaopendwa na hawa na kuchukiwa na wale, walio katikati, na wale ambao hawatajwi na yeyote. Mimi hawa wa mwisho ndio wananinyima usingizi. Anayekataliwa tunamwona, kuna ugomvi, kuna machozi, kuna mzazi anayekuja ofisini. Asiyetajwa hana kesi. Amekaa kimya pembeni, na sisi tunaandika kwenye ripoti kwamba "ameizoea shule".

Wala si suala la watoto wachache. UNICEF mwaka 2021 ilikadiria kwamba duniani kuna karibu watoto milioni 240 wenye ulemavu, yaani mmoja katika kila kumi. Milango ya shule ilianza kufunguliwa kwa nguvu baada ya Azimio la Salamanca, Juni 1994, ambapo wawakilishi wa serikali 92 walikubaliana kwamba shule ya kawaida ndiyo mahali pa watoto wote. Kisha ukaja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, na kifungu cha 24 kikaifanya elimu jumuishi, yaani watoto wote kusoma pamoja, kuwa haki. Nawashukuru waliopigania hayo. Lakini hakuna sheria inayoweza kumwamuru mtoto wa miaka minane ampende mwenzake.

Tusijidanganye pia kwamba watoto hawaoni tofauti. Mwaka 1961 Richardson na wenzake walichapisha utafiti ambamo watoto wa miaka 10 na 11 walionyeshwa michoro sita ya watoto wenzao, wakaombwa waipange kwa jinsi wanavyoipenda. Mmoja hakuwa na ulemavu, mwingine alikuwa na magongo, mwingine yuko kwenye kitimwendo, mwingine hana kiganja, na kadhalika. Makundi mbalimbali ya watoto yalimweka asiye na ulemavu mbele ya wote. Wanaona, na wanajifunza mapema kupanga watu kwa madaraja. Wanajifunzia kwetu.

Sasa hoja yangu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alieleza mwaka 1954 kwamba kukutana kwa makundi mawili hupunguza chuki pale ambapo yanakutana kwa hadhi sawa, yana lengo moja, yanashirikiana kulifikia, na wenye mamlaka wanaunga mkono. Baadaye Pettigrew na Tropp walikusanya tafiti 515 na matokeo yao yalitoka mwaka 2006: kukutana husaidia hata masharti yote yasipotimia, lakini yakitimia husaidia zaidi. Yaangalie masharti hayo kisha uyapeleke darasani kwako. Mamlaka wanaunga mkono, sawa. Lengo moja, pengine. Hadhi sawa? Hapo ndipo tunapoanguka. Mtoto mwenye ulemavu anasukumwa, anabebewa begi, anaandikiwa, anapigiwa makofi kwa kusimama tu. Kutwa nzima anapokea. Hajawahi kuombwa chochote. Urafiki hauoti mahali ambapo mmoja anatoa na mwingine anapokea tu, kwa sababu anayetoa huchoka na anayepokea huona aibu.

Karibuni tujadili.

#2 Mchangiaji (mzazi)

Mwalimu, asante kwa uzi. Lakini umenigusa. Binti yangu anamsukuma mwenzake wa kitimwendo kila siku hadi getini, na mimi nimekuwa nikimsifu. Leo unaniambia ni kosa? Tukikataza watoto wasisaidiane si tutalea watu wenye roho ngumu?

#3 Mleta uzi

Hapana mama, usimkataze hata kidogo. Marafiki husaidiana, na kama mwenzake anataka kusukumwa basi asukumwe. Ninachokuomba ni umchunguze binti yako kwa maswali mawili matatu ya kawaida, bila kumhoji kama polisi. Mwulize, mwenzako anapenda nini? Anachekeshwa na nini? Mara ya mwisho mlikosana kwa ajili gani? Akikujibu kwa hadithi ndefu, hao ni marafiki, waache. Akikujibu "namsaidia tu kwa sababu mwalimu alinichagua", hapo kuna kazi ya kufanya.

Hilo la kukosana nalisema kwa makusudi. Marafiki hugombana. Mtoto ambaye kila mtu anamwachia ashinde, hakuna anayembishia, hakuna anayemnyang'anya zamu kwenye mchezo, huyo bado ni mgeni. Anatendewa kama mgeni mheshimiwa, lakini mgeni.

Na kuna dalili nyingine: sauti. Sikiliza watoto wanapoongea na mwenzao mwenye ulemavu. Wakibadilisha sauti na kumwongelesha kama mtoto mchanga, wakati wote wana umri mmoja, ujue wamejifunza hivyo kwa mkubwa fulani. Mara nyingi ni kwetu sisi walimu.

#4 Mchangiaji (msaidizi wa mwanafunzi)

Mimi kazi yangu ni kukaa na mtoto mmoja mwenye ulemavu darasani, namsaidia kuandika na kwenda chooni. Nampenda sana. Sijawahi kufikiria kama nipo kati yake na wenzake. Ila nikikumbuka, wakimtaka kitu huwa wananiuliza mimi: "Anataka kucheza?" Wananiuliza mimi, naye yupo hapo hapo.

#5 Mleta uzi

Umesema jambo ambalo waalimu wengi hawajaliona. Mwaka 1997 Michael Giangreco na wenzake walitoa utafiti juu ya wasaidizi wanaokaa karibu mno na mwanafunzi. Walikuta mtoto anatengwa na wenzake bila mtu yeyote kukusudia, anazoea kumtegemea mkubwa, na mwalimu wa darasa naye anaanza kumwona kama mtoto wa msaidizi, si wa darasa lake. Si lawama kwenu. Ni namna kazi yenyewe ilivyopangwa.

Hebu fikiria wewe una miaka kumi, unataka kumnong'oneza mwenzako siri ya darasani, na kati yenu amekaa mtu mzima. Utanong'ona?

Unachoweza kufanya kuanzia kesho: wakikuuliza "anataka kucheza?", geuka umtazame yeye na useme, "Mwulize mwenyewe." Kama haongei, wafundishe namna anavyojibu, kwa macho, kwa kidole, kwa kadi za picha, kisha wewe nyamaza. Kaa mbali kidogo kila unapoweza. Ikiwa kazi ya darasani inaweza kusaidiwa na mwenzake wa dawati, mwachie mwenzake, na wewe uzunguke kusaidia watoto wengine pia. Ukisaidia kila mtu, hutakuwa alama ya kwamba huyu ni tofauti. Mambo ya chooni ni ya faragha, hayo yabaki kwako na yafanyike kwa staha.

#6 Mchangiaji (kiziwi)

Nitatofautiana nanyi kidogo. Mimi ni kiziwi. Nilianza shule ya kawaida, mimi peke yangu ndiye kiziwi. Wenzangu hawakuwa wabaya. Walinitabasamia. Lakini utani ulipita juu ya kichwa changu, na nikiuliza "wamesema nini?" jibu lilikuwa "aah, si kitu, nitakwambia baadaye". Baadaye haikufika. Nilipohamia shule ya viziwi ndipo nilipojua maana ya kucheka na watu mpaka mbavu ziume. Kwa hiyo msitusukumie urafiki na wanaosikia kana kwamba ndio urafiki halisi na wa viziwi wenzetu ni wa kujifariji.

#7 Mleta uzi

Ndugu yangu, nakukubalia moja kwa moja. Hilo "nitakwambia baadaye" ningependa kila mwalimu alisome.

Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya marafiki wenye hali kama yake. Wanaelewana kwa mambo ambayo mwingine lazima aelezwe. Damian Milton, mtafiti ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba ugumu wa kuelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao ni wa pande mbili: kila upande unashindwa kumsoma mwenzake. Mwaka 2020 Crompton na wenzake wakajaribu kupitisha habari kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Mnyororo wa watu wenye usonji watupu ulipitisha habari vizuri sawa na ule wa wasio na usonji. Habari zilipotea zaidi kwenye mnyororo uliochanganya. Kwa miaka mingi tumekuwa tukimpeleka upande mmoja tu kwenye mafunzo ya kuongea na watu, na upande wa pili tunauacha kama vile hauna la kujifunza.

Kuhusu lugha, historia ina ushahidi mzuri. Katika kisiwa cha Martha's Vineyard huko Marekani, kwa zaidi ya miaka 200, uziwi wa kurithi ulikuwa mwingi kuliko kawaida. Wanaosikia walijua lugha ya alama na kuitumia kila siku, na viziwi walioa, walivua, walifanya biashara kama wengine. Hakuna aliyekuwa "rafiki wa kiziwi" kwa kuhurumia. Walikuwa majirani wenye lugha moja.

Kwa hiyo shule inayompokea mtoto kiziwi mmoja na kumpa mkalimani wa kumfuata, huku darasa halijui hata kusema "njoo tucheze" kwa alama, imempa masomo na kumnyima wenzake. Watoto hujifunza alama haraka kuliko sisi. Na tazama nani anakuwa mwalimu wao: yule yule kiziwi. Hapo ana cha kutoa. Bado namtafutia na viziwi wenzake, hilo halina mbadala.

#8 Mchangiaji (mwalimu)

Shuleni kwetu tulifanya siku maalumu. Watoto walifungwa vitambaa machoni wakatembea uwanjani, wengine wakakaa kwenye kitimwendo, ili waonje maisha ya wenzao. Walilia, wakasema sasa wanaelewa. Ilikuwa siku nzuri sana. Mleta uzi unaionaje?

#9 Mleta uzi

Mwalimu mwenzangu, najua nia ilikuwa njema, lakini nakuomba usirudie kwa namna hiyo.

Anayefungwa macho kwa muda mfupi anaonja siku ya kwanza ya kutokuona: kugonga kuta, hofu, kutojua pa kushika. Haonji ujuzi wa mtu aliyeishi hivyo miaka yote, anayetambua watu kwa sauti na hatua, anayesoma kwa vidole, anayejua njia yake. Silverman na wenzake walilijaribu hili na kuchapisha mwaka 2015. Waliofungwa macho walitoka wakiamini zaidi kwamba wasioona hawawezi kazi na kujitegemea, kuliko walivyoamini wenzao ambao hawakufungwa. Miaka miwili baadaye Nario-Redmond na wenzake wakaonyesha kwamba mazoezi ya namna hii humwacha mtu na wasiwasi na kujihisi hana msaada. Huruma iliongezeka, lakini mtazamo juu ya kuwa pamoja na watu wenye ulemavu haukuwa bora.

Yale machozi, mwalimu, yalikuwa machozi ya "nashukuru si mimi". Mtoto mwenye ulemavu alikuwa amesimama hapo anayatazama. Mimi hilo linaniumiza.

#10 Mchangiaji (mwalimu wa michezo)

Subiri kidogo mkuu. Mimi nafundisha goliboli na watoto wote wanafunikwa macho, wanaoona na wasioona. Kwa mujibu wako nami nakosea?

#11 Mleta uzi

Swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha uzi huu.

Kwa wasioujua, mchezo huu ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza uoni katika Vita vya Pili vya Dunia. Mpira una njuga ndani, timu ina wachezaji watatu uwanjani, mistari ya uwanja ina kamba chini yake ili uipapase, na watazamaji hunyamaza ili wachezaji wasikie mpira unakotoka. Wote hufunikwa macho.

Tofauti ni nani ana ujuzi. Kwenye siku ya vitambaa mtoto asiyeona ni somo la kusikitikia. Kwenye goliboli yeye ndiye anayejua. Anayeona akifika anababaika, halafu anamwuliza mwenzake, "Unajuaje unakuja kushoto?" na anaelekezwa. Wanafungwa pamoja, wanashinda pamoja, wanalaumiana pamoja. Masharti yote manne ya Allport yapo uwanjani. Mpira wa wavu wa kukaa, ulioanzia Uholanzi miaka ya 1950, una sifa hiyo hiyo: kila mtu yuko chini, na aliyezoea kutembea kwa mikono ana kasi kuliko mrefu wa darasa.

Endelea mwalimu, na kama unaweza, tuletee hapa namna unavyogawa timu.

#12 Mchangiaji (mwalimu wa michezo)

Sigawi kwa kuwaacha manahodha wachague. Hapo ndipo mtoto anayeachwa wa mwisho husimama peke yake mbele ya wote, na mwenye ulemavu ndiye huachwa. Nagawa mwenyewe au kwa kura. Kingine, nawapa watoto kazi ya kubadilisha kanuni ya mchezo wowote ili wote waweze kucheza. Wao wana akili kuliko sisi. Waliamua wenyewe kwamba kwenye kukimbizana anayetumia magongo ana duara lake: ukiingia ndani ya duara amekushika. Sasa hakuna anayethubutu kulisogelea, na kila timu inamtaka.

#13 Mchangiaji (mwalimu)

Yote mazuri, ila mimi nina darasa kubwa, watoto wamebanana, sina msaidizi wala vifaa. Nianzie wapi? Naomba vitu vya kufanyika, si nadharia.

#14 Mleta uzi

Anza na viti, mwalimu, maana havina gharama. Van den Berg, Segers na Cillessen, watafiti wa Uholanzi, walichapisha mwaka 2012 jambo ambalo kila mwalimu angeweza kulijaribu: watoto wasiopendana walipopangwa kukaa karibu kwa wiki kadhaa, walianza kupendana zaidi. Kukaa tu. Sisi tuna desturi ya kumweka mwenye ulemavu mbele kabisa karibu na meza ya mwalimu, na asiyetembea karibu na mlango, peke yake pembeni. Mtoe hapo kama hali yake inaruhusu. Mpe jirani pande mbili. Usimweke na yule mpole anayesifiwa na kila mtu kila muhula. Mweke na anayependa mambo anayoyapenda yeye. Kama wote wawili wanapenda ndege, au mpira, au kuchora magari, umeshawapa la kuzungumza bila wewe kusema neno.

Kisha kazi za vikundi. Elliot Aronson alianzisha njia moja mwaka 1971 huko Austin, Texas, wakati watoto wa rangi mbalimbali walipoanza kusoma pamoja na darasa limejaa uhasama. Somo linakatwa vipande. Kila mwanakikundi anapewa kipande chake, anakisoma, anawafundisha wenzake, na hakuna njia ya kujua somo lote bila kumsikiliza kila mmoja. Ukimdharau mwenzako, unafeli wewe. Kwa mtoto mwenye ulemavu, kipande chake lazima kiwe cha kweli. Kama hasomi maandishi, mpe picha, mpe kitu cha kushika na kukieleza, mpe kipande kwa sauti. Usimpe kazi ya kushika karatasi za wenzake ukasema ameshiriki. Watoto wanatambua mara moja kazi ya kweli na kazi ya kumridhisha mtu.

La tatu ni kinywa chako. Watoto hutazama mwalimu anampenda nani, na wao hufuata. Ukimwita jina lake kwa kumkaripia tu, au kwa kumhurumia tu, umelipangia darasa namna ya kumwona. Mwulize swali analoweza kulijibu vizuri, mbele ya wote. Msifu kwa jambo lile lile ambalo ungemsifia mwingine. Akikosea, msahihishe kama wengine. Kumwachia kila kosa nako ni kumtenga.

#15 Mchangiaji (mtu mzima mwenye mtindio wa ubongo)

Nimesoma uzi wote. Naongea kwa taabu, kwa hiyo kuandika kwangu ni raha.

Kilichonipa rafiki shuleni ni hesabu. Nilikuwa naziweza, na kijana mmoja mtundu alikuwa hafahamu kitu. Alianza kukaa nami ili anakili. Nikakataa kumpa majibu, nikamwambia nitamfundisha. Ilibidi azoee kunisikiliza pole pole, maana hakuna mwingine wa kumfundisha bure. Baada ya muda akawa ananielewa kuliko hata baadhi ya ndugu zangu. Yeye ndiye aliyenifundisha matusi, kuruka kipindi, na kusema uongo kwa sura kavu. Hakuna mwalimu aliyepanga hayo, na angejua angetutenganisha. Mpaka leo ni rafiki yangu.

Ninachowaomba walimu: tuacheni nasi tufanye makosa na wenzetu. Nilikuwa mtoto mwenye ulemavu, lakini nilikuwa mtoto.

#16 Mleta uzi

Asante sana ndugu. Sina cha kuongeza kwenye maneno yako. Nitayasoma mbele ya walimu wenzangu, kwa ruhusa yako.

#17 Mchangiaji (mama wa mtoto mwenye usonji)

Mwalimu, mwanangu ana miaka tisa. Haalikwi kwenye sherehe za wenzake. Nikimwuliza kuhusu marafiki anasema hataki. Mwalimu wake anataka alieleze darasa kuhusu usonji ili wamwelewe. Naogopa. Nifanye nini?

#18 Mleta uzi

Mama, pole, na hofu yako ina msingi.

Kuhusu kulieleza darasa: mwulize yeye kwanza. Ni habari zake. Miaka tisa anaweza kusema anataka nini kielezwe na nini kisielezwe, hata kwa kuchora au kuchagua kati ya sentensi ulizomwandikia. Akikataa, mwalimu bado anaweza kuzungumza na darasa juu ya ulemavu kwa jumla bila kumtaja mtu. Favazza na Odom walionyesha mwaka 1997 kwamba watoto wadogo waliosomewa hadithi zenye watu wenye ulemavu, wakapewa muda wa kucheza pamoja na wenzao wenye ulemavu, na nyumbani nako wazazi wakaendeleza, mitazamo yao ilibadilika. Hadithi, mchezo na nyumbani vilikwenda pamoja. Hotuba moja ya mwalimu mbele ya darasa haina uzito huo. Akikubali kuelezwa, basi mwalimu aseme anachokipenda na anachokijua kabla ya kusema kinachomsumbua. "Anajua majina ya sayari zote, na kelele nyingi zinamwumiza masikio, kwa hiyo ukitaka kuongea naye mfuate upande wenye utulivu." Hayo ni maelekezo ambayo mtoto mwenzake anaweza kuyatumia siku hiyo hiyo.

Kuhusu kusema hataki marafiki: inawezekana ni kweli kwa leo, kwamba kutwa nzima ya kelele imemmaliza na anahitaji kupumzika. Hiyo ni haki yake, usimlazimishe. Inawezekana pia alijaribu akaumia, na sasa anajikinga. Utajua kwa kumtazama akiwa na mtu mmoja, si akiwa na kundi. Sherehe yenye watoto wengi na muziki wa juu ni mahali pagumu kuliko pote pa kuanzia urafiki kwa mtoto kama wake, kwa hiyo usihesabu mialiko ya sherehe kama kipimo.

Fanya hivi. Mwombe mwalimu akutajie mtoto mmoja ambaye mwanao huwa anakaa karibu naye bila kuambiwa, au anayemsikiliza anapozungumzia anachokipenda. Mmoja tu. Wasiliana na mzazi wake, mweleze waziwazi kwamba ungependa watoto wacheze kwenu. Saa moja, si zaidi. Andaa shughuli yenye mwanzo na mwisho ambayo mwanao anaijua vizuri: kujenga kitu, kupanga kadi, mchezo wa ubaoni. Mwanao awe ndiye anayemwonyesha mgeni namna inavyofanyika. Mwambie mapema mgeni atakuja saa ngapi na kuondoka saa ngapi. Wakianza kucheza kila mmoja upande wake kwenye chumba kimoja, usiwasogeze pamoja, kwa watoto wengi wenye usonji hiyo nayo ni kuwa pamoja. Waage wakiwa bado wanataka kuendelea.

Siku mbili baadaye mwulize swali moja: aje tena? Akisema ndiyo, mpigie mzazi yule mpange siku. Akisema hapana, mwulize ni mtoto ndiye hakumpenda au ni mchezo, kisha urudi hapa utuambie, tutafikiri pamoja.

#19 Mchangiaji (mama wa mtoto mwenye usonji)

Nimeshaongea na mwalimu wake. Yupo mtoto anayempelekea picha za treni kila asubuhi, na mimi sikuwa najua. Jumamosi anakuja.